Kutoka Bariadi hadi Delta ya Rufiji: Jinsi ya Kusafiri kwa Mtumbwi kwenye Mto Unaojaa na Kupwa

Kama umekulia Bariadi, Itilima au Meatu, mto unaoujua una tabia moja: unakuja na mvua na kuondoka nayo. Simiyu na Duma hufurika wakati wa mvua, halafu kiangazi hubaki mchanga ambao watu huuchimba kutafuta maji. Mtu wa Busega naye analijua ziwa. Ghuba ya Speke ina upepo na mawimbi, lakini maji uliyoyaacha mwaloni asubuhi utayakuta pale pale jioni. Delta ya Rufiji ni kitu kingine kabisa. Kule mto huelekea baharini kwa saa kadhaa, husimama, kisha hurudi nyuma kuelekea bara, na mchezo huo hurudiwa mchana na usiku, masika na kiangazi.

Familia nyingi za Kisukuma zina ndugu upande huo. Wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi walishuka na mifugo yao hadi Pwani na Lindi, na leo ukifika Ikwiriri au Muhoro utasikia "mwangaluka" kama uko mnadani nyumbani. Kuna msiba, kuna harusi, kuna mpunga wa kununua, na siku moja unaambiwa kwamba unayemtafuta yuko ng'ambo ya mikoko, Salale, Maparoni, Msala au Kiongoroni, na njia ya kwenda huko ni ya maji.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya siku hiyo. Shika jambo moja kabla ya mengine yote: katika delta ratiba ya safari hupangwa na mwezi. Nauli, nahodha, chakula na mizigo vyote hufuata baada ya hapo.

Kwanza yaelewe maji

Mwezi, ukisaidiwa na jua, huvuta maji ya bahari. Kwa sababu hiyo pwani yetu hupata kujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kutoka maji yakiwa yamejaa hadi yamekupwa ni saa sita na kidogo. Zile dakika 50 za ziada ndizo zinazowapoteza wageni. Kama leo maji yamejaa saa 12 asubuhi, kesho yatajaa saa 1 kasoro dakika 10, na keshokutwa yatachelewa zaidi. Mtu akikuambia "sisi huondoka saa mbili", muulize anasema siku gani ya mwezi.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji hupanda juu sana na kushuka chini sana, na katika pwani ya Dar es Salaam tofauti hiyo hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, tofauti ikiwa karibu mita 1. Bamvua hukupa kina cha kupita kwenye vijito vyembamba, lakini mkondo wake ni mkali. Maji mafu ni mapole, ila baadhi ya njia za mkato hazipitiki kabisa.

> KANUNI YA SAA KUMI
>
> Hii ni ya kukadiria ukiwa bado nyumbani Bariadi, kwa kutazama mwezi tu:
>
> - Siku za bamvua: maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku.
> - Siku za maji mafu: kinyume chake. Hujaa karibu saa 4, hupwa karibu saa 10.
> - Siku za katikati: anza na saa 10 ya siku ya mwezi mpevu (au mwandamo), kisha ongeza dakika 50 kwa kila siku iliyopita.
>
> Mfano: mwezi ni mpevu Jumatatu. Alhamisi zimepita siku tatu, yaani saa 2 na nusu. Maji yatajaa karibu saa 12 na nusu asubuhi, yatakupwa karibu saa 6 na dakika 40 mchana, kisha yatajaa tena karibu saa 1 usiku.
>
> Tahadhari: haya ni makadirio ya pwani. Ndani ya delta maji hufika kwa kuchelewa, na kadiri unavyopanda mto ndivyo yanavyochelewa zaidi. Ukifika, neno la nahodha wa pale ndilo la kufuata.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda taratibu, karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya kina chote. Saa ya pili, sehemu mbili. Saa ya tatu na ya nne ndizo za kasi, kila moja sehemu tatu, yaani nusu nzima ya maji hupita katika saa hizo mbili. Saa ya tano hurudi sehemu mbili, ya sita sehemu moja. Kushuka ni vivyo hivyo. Ndiyo maana kijito ulichokiona kimejaa unaweza kukiacha kwa saa mbili tatu tu, ukirudi ukute tope na kaa wakitembea.

Kukwama kwa namna tatu

Chombo kinaweza kugusa chini siku yoyote, hata kwa nahodha hodari, kwa sababu mto huhamisha mchanga na tope kila masika. Uzito wa tukio hilo unategemea maji yanaelekea wapi wakati huo.

Mkigusa maji yakiwa yanajaa, mtangoja dakika chache yawainue. Mkigusa yakiwa yanapwa, mmepwelewa: mtakaa hapo mpaka yashuke yote na yapande tena, pengine saa nyingi juani au gizani. Mkipanda juu ya fungu la mchanga wakati wa kilele cha bamvua, hali ni mbaya kuliko zote. Kesho maji hayatafika juu kama leo, keshokutwa yatapungua zaidi, na chombo kinaweza kukaa hapo karibu wiki mbili hadi bamvua nyingine.

Kutokana na hilo, kanuni ya safari ni hii: ingia vijitoni maji yakiwa yanajaa, na uwe umetoka kabla hayajaanza kukimbia. Usiwe na haraka ya kuondoka kwa sababu tu abiria wamejaa.

Kungojea maji hakuna aibu. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta hii, na meli kubwa za Waingereza zilishindwa kuifuata kwa kukosa kina. Ilibidi ziletwe Severn na Mersey, meli mbili zenye kuelea kwenye maji haba, zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazili, na kazi ya kuiangamiza Königsberg ikamalizika tarehe 11 Julai 1915. Huko Uingereza kwenyewe hadi leo wapo watu wanaosafiri kwa boti ndefu zenye upana wa futi 7 hivi kwenye mifereji iliyochimbwa, maji yametulia mwaka mzima. Wakitaka kushuka kwenye mto Thames unaojaa na kupwa, hungoja kwenye lango la maji mpaka saa inayofaa, na yupo mlinzi wa kuwafungulia. Rufiji haina lango wala mlinzi. Anayekuzuia usiondoke saa mbaya ni nahodha wako, na wewe mwenyewe kwa kutomsukuma.

Uende miezi gani

Epuka Machi hadi Mei. Mvua za masika huongeza maji ya mto kutoka bara, na maji yakipwa nguvu mbili husukuma upande mmoja. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha vijiji na mashamba Rufiji na Kibiti, kwa hiyo hata nje ya miezi hiyo sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kununua tiketi. Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu. Vijitoni umekingwa na mikoko, ila kwenye milango ya mto mawimbi husimama wima, hasa upepo ukikutana na maji yanayopwa. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ningekushauri.

Barabara

Basi kutoka Bariadi hupitia Maswa na Shinyanga, kisha Singida na Dodoma. Unaweza kuendelea nalo hadi Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, au kushuka Dodoma na kupanda treni ya SGR. Kutoka Dar es Salaam, magari ya kusini huanzia Mbagala. Kwa upande wa kaskazini wa delta unashuka Bungu na kuchukua gari la Nyamisati, ambako pia huondoka kivuko cha Mafia. Kwa upande wa kusini unapita Kibiti na Ikwiriri, unavuka Daraja la Mkapa na kuelekea Muhoro. Panga kulala usiku mmoja kabla ya kuingia majini. Mtu aliyetoka kukaa garini mchana kutwa na usiku kucha haoni hatari, na hasikilizi maelekezo.

Kuchagua chombo na nahodha

Utakuta mitumbwi ya kuchonga inayosukumwa kwa pondo (mti mrefu wa kusukumia) na kafi, ngalawa, mashua za tanga na boti za faiba zenye injini. Kwa mgeni mwenye mzigo mdogo, mtumbwi mpana au boti ya faiba inatosha. Kabla ya kulipa, fanya haya:

1. Uliza wenyeji wawili wasiohusiana ni nani anayepita njia hiyo mara kwa mara. Jina litakalotajwa na wote wawili ndilo la kumtafuta. Anayeijua Salale huenda haijui Msala.
2. Msalimie nahodha kwa heshima na uliza swali moja: "Maji yanajaa saa ngapi leo?" Anayejibu mara moja na kukueleza mtaondoka lini, mtafika lini, huyo endelea naye. Anayesema "saa yoyote tunaondoka", mshukuru na utafute mwingine.
3. Tazama ndani ya chombo. Kuna maji chini? Yanaingia wapi? Kifaa cha kufua maji kipo? Nanga ipo, na kamba yake ni ndefu?
4. Angalia ubavu wa chombo baada ya watu na mizigo kupanda. Ukiona ukingo umebaki kiganja kimoja tu juu ya maji, shuka. Usione haya.
5. Dai jaketi la kuokoa maisha, na ulivae. Lililowekwa chini ya magunia halina kazi.
6. Kubalianeni nauli ya kwenda na kurudi, nani ananunua petroli, na itakuwaje mkilazimika kulala njiani.

Kuhusu namba 4 sitaki kulegeza neno. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Bwisya, kisiwani Ukara, kikiwa kimebaki mwendo mfupi kufika. Kilisajiliwa kubeba watu 101, na waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Sisi watu wa kanda ya ziwa tulizika majirani. Hakuna nahodha, mwenye chombo wala mjomba mwenye haraka anayestahili kukufanya ukae kwenye chombo kilichojazwa kupita uwezo wake.

Siku yenyewe

1. Jioni iliyotangulia, tazama mwezi, piga hesabu yako, kisha ilinganishe na ya nahodha. Zikitofautiana sana, ulizeni mtu wa tatu.
2. Fika bandarini mapema, maji yakiwa bado chini. Utaona mkondo wenyewe ulipo na mafungu yalipo. Baada ya saa mbili yote hayo yatakuwa yamefunikwa.
3. Mpigie mtu wa nchi kavu umweleze chombo, nahodha, kijiji unachokwenda na saa ya kufika. Huko mbele simu huweza kukosa mtandao.
4. Pangeni mizigo mizito chini na katikati. Mifuko ya nguo juu yake. Hakuna anayekaa ukingoni.
5. Ondokeni maji yakiwa yamepanda karibu theluthi. Mkondo utawasukuma kuelekea ndani, na mkigusa chini yatawainua.
6. Mkifika kwenye vijito vyembamba, soma mikoko. Alama ya tope kwenye mashina inaonyesha maji hufika wapi. Ikiwa sehemu kubwa iliyo chini ya alama hiyo iko wazi na inang'aa kwa unyevu, maji yanapwa. Majani yanayoelea nayo husema, na pia vyombo vilivyotia nanga: omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, huelekea kule maji yanakotoka.
7. Kaeni katikati ya mkondo, hasa sehemu za juu zenye maji baridi, ambako kuna viboko na mamba. Nahodha akigonga ubavu wa mtumbwi kuwaonya viboko, nyamaza. Usitumbukize mkono, na usinawe ukingoni jua linapozama.
8. Mkifika, ngoja uambiwe pa kushukia. Mizizi ya mchu, aina ya mkoko, husimama juu ya tope kama misumari, na chaza hukata mguu. Vaa viatu vilivyofungwa, siyo kandambili.
9. Jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji kabla hujaanza shughuli zako. Mgeni aliyepita ofisini hutafutwa akichelewa kurudi.

Mkipwelewa

Hapa ndipo watu huumia, na mara nyingi kwa kujaribu kufanya jambo la ushujaa. Fuateni utaratibu huu.

Dakika za kwanza ndizo za kazi. Injini izimwe na kuinuliwa, maana ikivuta tope inaharibika. Kama omo ndiyo iliyogusa, watu wahamie nyuma taratibu, mmoja mmoja, kisha chombo kisukumwe kwa pondo kurudi kule kilikotoka. Msijaribu kuvuka mbele. Nyuma mnajua kuna kina, mbele hamjui.

Ikishindikana, acheni. Kabla maji hayajaisha, nahodha apeleke nanga upande wenye kina, ili maji yakirudi chombo kivutwe huko, kisibebwe zaidi juu ya fungu. Chombo chenye mkuku (uti wa chini) huinama maji yakiondoka, kwa hiyo kikingeni kwa pondo au hamishieni mizigo upande mmoja kwa makusudi, mjue kitalala wapi.

Baada ya hapo kaeni ndani. Usishuke kutembea kuelekea mikokoni. Tope linaloonekana gumu linaweza kukumeza hadi kiunoni, na maji yanaporudi hayakungoji. Tandazeni kitambaa kama kivuli, gaweni maji ya kunywa kwa kipimo, hesabuni saa za maji kurudi. Kama kuna mgonjwa au chombo kinavuja, pigeni 112 au 114, na mmpigie pia yule mtu wa nchi kavu.

Makosa ya watu wetu

Mtu wa ziwa hufunga chombo kwa kamba fupi, kwa sababu kwao maji hayashuki. Kule, maji yakipwa chombo kitaning'inia kwenye kamba, au kitapinduka. Acha kamba ndefu, na usifunge kwenye mti ulioinama juu ya maji.

Mtu wa bara hubeba dumu dogo la kunywa akidhani mto ni mto. Maji ya bahari huingia ndani sana, hasa kiangazi, na chumvi hiyo huwezi kuinywa hata ukiichemsha. Beba lita 5 kwa kila mtu, hata kwa safari inayosemwa ni ya nusu siku.

Wengine hukata fito za mikoko njiani za kujengea banda. Mikoko iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na bila kibali unaweza kukamatwa na mzigo wako.

Kosa kubwa kuliko yote ni kufunga safari ya kurudi kwa tiketi ya basi. Umekata tiketi ya Jumapili saa 12 asubuhi, basi Jumamosi jioni unamlazimisha nahodha aondoke maji yakikimbia, usiku unaingia. Jipe siku nzima ya akiba kati ya kutoka deltani na kupanda basi.

> HAKIKISHA UNAVYO
>
> ☐ Jaketi la kuokoa maisha. Linunue Mwanza au Dar es Salaam kama huna hakika utalikuta
> ☐ Maji ya kunywa, lita 5 kwa mtu
> ☐ Chakula kisichohitaji kupikwa: karanga, *matobolwa* ya nyumbani (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa)
> ☐ Simu na pawa benki ndani ya mifuko miwili ya nailoni iliyofungwa
> ☐ Tochi na filimbi
> ☐ Kofia, nguo ya mikono mirefu na chandarua
> ☐ Viatu vya kufunga vinavyoweza kulowa
> ☐ Dawa unazotumia kila siku, za siku mbili zaidi
> ☐ Kitambulisho
> ☐ Karatasi yenye saa za kujaa na kupwa kwa siku zote za safari, kwenda na kurudi

Kama hujawahi kukaa kwenye mtumbwi, usianzie Rufiji. Nenda Lamadi, ni mwendo wa karibu kilomita 70 za lami kutoka Bariadi, umwombe mvuvi unayemfahamu akupeleke karibu na ufukwe asubuhi kabla ya upepo. Jifunze kupanda bila kuyumbisha, kukaa chini, kuhama ubavu kwa zamu, na kuogelea hata mita chache ukiwa na jaketi. Kabla ya kuingia majini muulize kama eneo hilo lina mamba.

Kwa safari ya kurudi, piga hesabu upya. Kutoka ndani kwenda Nyamisati utataka maji yaliyojaa ili kuvuka sehemu haba, kisha yanayoanza kushuka ili yakusukume nje. Ondokeni nusu saa kabla ya kilele, siyo baada yake. Kama ulikwenda siku ya bamvua ukakaa wiki moja, utakuta maji mafu, na huenda kile kijito cha mkato mlichopitia hakipitiki tena. Muulize nahodha njia ndefu ni ipi, inachukua saa ngapi zaidi, na kama petroli iliyobaki inatosha.